Hizo ifu zenu zitakuja kutuua

Juzi saa moja usiku napigiwa simu na bosi, kafura. Mteja kafuta oda yake, sasa hela aliyotuma kwa simu ilikuwa imekwama mtandaoni, ikaingia dakika chache baadae, na mfumo wetu kwa adabu zote ukamwandikia "Asante, mzigo wako uko njiani". Na kweli ulikuwa njiani! Bodaboda keshafika Mbezi na birika la umeme ambalo mwenyewe halitaki tena.

Nikafungua kodi (ya kompyuta, sio ya TRA, ingawa zote zinauma). Jamani. Hali ya oda ni stringi tu, yani maneno ya kuandika mwenyewe, huku imeandikwa "PAID", kule "paid", halafu kuna mafaili tisa na kila moja lina ifu yake (lile sharti la "kama iko hivi, fanya vile") ya kuuliza oda imefikia wapi. Nane zinakumbuka kuangalia kama oda imefutwa. Ya tisa, ile inayopokea taarifa ya malipo, ndo haikumbuki.

Hivi tunateseka nini wakati paterni ya hali (State pattern, mtindo wa kupanga kodi) iko kwenye kitabu cha wale jamaa wanne, "Design Patterns" cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, tangu 1994? Mfano wao ulikuwa muunganisho wa TCP (njia ya kompyuta mbili kuongea mtandaoni), kila hali na klasi yake, yani kiolezo chake cha kodi. Yani usiiulize oda "uko hali gani" halafu ukaiamulia wewe, iambie tu malipo yameingia, yenyewe inaisukumia objekti (kitu kilichoundwa kwa klasi) ya hali iliyonayo muda huo. OdaMpya ikipokea malipo inageuka OdaIliyolipwa. OdaIliyofutwa ikipokea malipo inarudisha hela, basi, kwa bodaboda haina njia ya kufika. Na siku bosi akitaka hali ya "inasubiri stoo" unaandika klasi mpya, ukisahau methodi ya malipo (kipande cha klasi kinachoshughulikia malipo) anayekupigia kelele ni kompaila, programu inayokagua na kutafsiri kodi, saa nne asubuhi, sio mteja usiku.

Haya, klasi zinakuwa nyingi, nakubali shingo upande. Kama una taa ya kuwaka na kuzima buliani (ndiyo au hapana tu) inakutosha, usituletee mafaili sita. Na nani abadilishe hali, oda au hali yenyewe? Chagueni mmoja msichanganye.

Dogo wetu anasema "lakini bro si ilikuwa inafanya kazi". Sawa. Birika limerudi ofisini, tunachemshia chai huku tunang'oa ifu moja moja, zimebaki tano.