Rose alilipiwa chakula. Wale wengine je?

Kuna filamu za mapenzi ambazo ukimsimulia mtu kwa sentensi moja anakunja uso, na Dogfight ni mojawapo. Ni Novemba 1963, jijini San Francisco. Askari vijana wa kikosi cha Marine cha Marekani wamebakiwa na usiku mmoja kabla ya kusafirishwa kwenda Okinawa na baadaye Vietnam. Wanachanga fedha, wanaandaa sherehe kwenye baa, kisha wanatawanyika mjini, kila mmoja akamtafute msichana wa kuja naye. Atakayemleta mwenye sura mbaya kuliko wote anazoa dau. Wasichana wenyewe hawaambiwi kitu. Wanajua wamealikwa kucheza muziki. Eddie Birdlace, baada ya kukataliwa huku na kule, anaingia kwenye mkahawa na kumkuta Rose, binti wa mwenye mkahawa, mwenye aibu nyingi, akijipigia gitaa peke yake. Anamsifia gitaa, anamwalika. Mapenzi yote yanayofuata yanaota kwenye uchafu huo.

Filamu ilitoka 1991. Aliyeiongoza ni Nancy Savoca, ambaye filamu yake ya kwanza, True Love, ilikuwa imetwaa tuzo kuu ya majaji kwenye tamasha la Sundance mwaka 1989. River Phoenix ndiye askari, Lili Taylor ndiye Rose. Sokoni ilianguka vibaya: kwenye majumba ya sinema ya Marekani haikufikisha hata dola nusu milioni. Miaka miwili baadaye Phoenix alifariki akiwa na umri wa miaka 23, na filamu ikabaki kuwa ya wachache waliobahatika kuiona. Sasa imezinduka tena, hasa tangu kampuni ya Criterion ilipoitoa upya mwaka 2024, na pamoja nayo umezinduka ubishi. Wapo wanaosema ni mojawapo ya filamu za mapenzi zilizo kweli kuliko zote. Wapo wanaosema ni dhihaka dhidi ya wanawake iliyopakwa sukari. Mimi naipenda filamu hii, lakini kundi la pili lina hoja ambayo watetezi wake huwa wanaikwepa.

Nianze na kinachoifanya ipendwe. Ukiipeleka kwenye kibanda umiza haitamaliza nusu saa kabla watu hawajadai wawekewe nyingine, maana kwa sehemu kubwa ni vijana wawili wanatembea usiku. Hakuna anayelia kwenye mvua, wala muziki wa kukuelekeza uhuzunike wapi. Birdlace anaanza kuingiwa na shaka kabla hata hawajafika kwenye sherehe. Mlangoni anajaribu kumshawishi waende kwingine, lakini wenzake wanatokea na wasichana wao, na Rose mwenyewe anataka kuingia. Ndani anamzuia asicheze, kwa sababu anajua anayecheza ndiye anayepimwa. Rose anataka kucheza. Wanacheza. Kamera haimwonei huruma msichana wala haimlaumu mvulana kwa sauti. Inakuacha uone mtu anayejua analolifanya na bado analifanya.

Kisha inakuja ile sehemu ya chooni, na kwangu ndiyo kitovu cha filamu nzima. Rose amekunywa, tumbo limemchafuka, amekimbilia huko. Anamkuta Marcie, msichana aliyeletwa na Berzin, rafiki wa karibu wa Birdlace. Marcie ni kahaba aliyekodiwa. Ana meno ya bandia, na aliyavua makusudi ili aonekane kibogoyo na ashinde; kwake hii ni kazi kama kazi nyingine. Kwa hiyo anamweleza Rose mchezo wote bila kupunguza neno. Mtu pekee katika jengo lile anayemwambia Rose ukweli ni mwanamke aliyelipwa kuja kuwa sehemu ya uongo. Rose anatoka, anampiga Birdlace, anawatolea uvivu askari wote waliopo, anaondoka. Aibu yake yote haikumzuia kusema, na hapo ndipo tunapojua kwamba upole wake haukuwa udhaifu.

Birdlace anamfuata kwake na kumbembeleza akubali kulipiwa chakula cha usiku. Wakosoaji husema hapa Rose anasamehe haraka mno, na mimi nadhani wanasoma vibaya. Rose hasamehi, anaenda kula. Fuatilia wanavyofanya kwenye mgahawa ule wa kifahari. Kwanza wanakataliwa mlangoni kwa sababu kijana hana koti, na inabidi litafutwe. Wakishakaa, Rose, aliyechoshwa na mdomo wa Birdlace usiojua kumaliza sentensi bila tusi, anaagiza chakula kwa lugha ileile, tusi juu ya tusi, kwa uso uliotulia kabisa mbele ya mhudumu. Hicho si kitendo cha mtu aliyeyeyuka. Ni mtu anayerudisha deni taratibu, kwa ucheshi, huku akimpima huyu kijana ana nini zaidi ya kiburi. Baadaye, kwenye klabu ambako anatamani siku moja kuimba, anakaa kwenye piano na kumwimbia wimbo wa kupinga majaribio ya silaha za nyuklia. Sauti yake ni nzuri lakini ndogo, si ile ya kugeuza watu vichwa. Savoca angeweza kutupa muujiza, msichana wa mkahawani akageuka nyota, askari akaduwaa. Hakufanya hivyo. Rose anabaki kuwa Rose, na Birdlace anasikiliza kwa sababu anataka kusikiliza.

Linganisha na The Clock ya 1945, ambamo askari mwenye likizo ya siku mbili anakutana na Judy Garland kwenye stesheni ya reli ya New York, na kabla likizo haijaisha wamekwisha kuoana. Ilikuwa filamu ya wakati wa vita, na wakati wa vita watu walihitaji kuambiwa kwamba mapenzi yanaweza kuwahi. Dogfight imetengenezwa na watu wanaojua vita ile iliishaje. Vijana wake wanaondoka wakati Marekani ina watu kama 16,000 tu Vietnam wanaoitwa washauri wa kijeshi. Vikosi vya mapigano vya Marine vilitua Da Nang Machi 1965. Wanaondoka wakicheka. Siku inayofuata ule usiku ni tarehe 22 Novemba, Kennedy anauawa, na tunamwona Rose na mama yake mbele ya televisheni.

Tena kuna jambo ambalo kwangu linaiokoa filamu na shutuma ya kumsafisha Birdlace. Alfajiri Rose anampa anwani yake na kumwomba aandike. Birdlace anaondoka, anakutana na Berzin. Berzin alimwona usiku akiwa na Rose. Birdlace naye anajua kwamba Marcie alikodiwa, kwa hiyo ushindi wa Berzin ulikuwa wa wizi. Kila mmoja ameshika siri ya mwenzake, na wanakubaliana kuzitunza. Kwenye basi wenzao wanapouliza alikuwa wapi, Birdlace anasema alilala na mke wa ofisa, mwanamke mrembo. Kisha anaichana ile anwani na kuitupa dirishani. Anayeshindana na Rose katika filamu hii si msichana mwingine, ni urafiki wa wanaume wanne waliojifunza kupendana kwa kudanganyana. Urafiki huo unashinda. Filamu ya kutafuta msamaha rahisi ingemfanya aitunze ile karatasi mfukoni, iloe damu vitani, arudi nayo.

Sasa upande wa pili. Hoja ya kwamba Lili Taylor si mbaya wa sura, kwamba Hollywood imemvalisha gauni lisilompendeza na nywele za ajabu ikatuambia tumwone mbaya, ni ya kweli, lakini si nzito. Rose hahitaji kuwa mbaya. Birdlace alimchukua kwa kuwa muda ulikuwa unakwisha na alikuwa msichana asiyeonekana kujua kukataa.

Hoja nzito ni hii: Rose alilipiwa chakula, wale wengine je? Chumba kile kilikuwa kimejaa wanawake. Mmoja wao, aliyeletwa na mmoja wa askari, ni Ruth, Mmarekani wa asili. Fikiria tu: kijana ametumwa kutafuta mwanamke mwenye sura mbaya, akarudi na yeye. Hapo kuna filamu nzima ndani ya picha moja, na Savoca anapita. Ruth hapewi nafasi ya kutuambia alielewa nini usiku ule, kama alikuja kujua au hakujua kamwe. Wengine wanachorwa kwa mistari miwili mitatu ya vichekesho, tunacheka kidogo na sisi, kisha tunaondoka na Rose kwenda kwenye mgahawa wa kifahari. Ukikaa ukaiwaza vizuri, filamu imetufanya tuwe wachezaji wa mchezo uleule. Tumewapanga wale wanawake, tukamchagua mmoja anayestahili hadithi, na sababu ya kumchagua ni kwamba askari amegundua anapendeka. Kosa lilifanywa kwa wote. Aliyefuatwa na kubembelezwa ni mmoja, yule ambaye mkosaji amevutiwa naye.

Watetezi hujibu kwamba filamu haiwezi kufuata kila mtu, na kwamba Rose alipowafokea wale askari aliwasemea wenzake wote. Jibu la kwanza ni haki yake. La pili linanikera kidogo, maana ndilo linalotolewa kila mara mwanamke mmoja anapopewa sauti na kumi wakanyimwa. Marcie ni ushahidi kwamba nafasi ilikuwepo. Alipewa dakika chache tu chooni na akatoka humo mtu kamili, mwenye hesabu zake na dharau zake. Ruth angeweza kupata dakika kama hizo.

Na hapo ndipo ukimya wa filamu, ule ninaousifia, unapoanza kunitia shaka. Ukimya unafanya kazi kwa Birdlace kwa sababu tunamwona kila anapokwenda. Tunapelekwa naye Vietnam mwaka 1966: wanacheza karata, makombora yanadondoka, imekwisha; wenzake hatuwaoni tena. Anarudi San Francisco anachechemea, katika jiji lililojaa vijana wenye nywele ndefu wanaomwangalia kama kitu cha makumbusho. Anaingia baa iliyo mkabala na mkahawa wa Rose, kisha anavuka barabara. Anapokosa la kusema, tunajua kwa nini hana. Rose je? Miaka mitatu imepita kwake pia. Aliimba? Aliacha? Alisubiri barua akaona haiji, akamlaani, akamsahau, akasikia habari za vita redioni akamkumbuka? Tunamkuta palepale mkahawani. Anamkumbatia, na filamu inaisha. Ukimya wa Birdlace ni wa mtu aliyejaa. Wa Rose ni wa mtu ambaye mwandishi hakumwandikia.

Nimewahi kusikia ikitetewa kwamba kukumbatia kule si mapenzi wala msamaha, ni huruma ya mtu kwa mtu aliyeumia, na kwamba Rose angemfanyia hivyo askari yeyote. Naikubali tafsiri hiyo, tena naiona nzuri kuliko ile ya kwamba wamerudiana. Hata hivyo, ili niiamini vizuri nilihitaji kumwona Rose akiwa peke yake walau mara moja ndani ya miaka ile mitatu, hata kama ni wakati anafunga mkahawa na kuhesabu mauzo.

Mwaka 2012 hadithi hii ilipandishwa jukwaani New York kama tamthilia ya nyimbo, muziki ukiandikwa na Benj Pasek na Justin Paul. Aina hiyo ya sanaa haina uvumilivu na ukimya. Mhusika mkuu lazima asimame aimbe kilichomo moyoni, na Rose akapata nyimbo zake. Wanaoipenda filamu kwa utulivu wake wataona hilo ni kuharibu. Mimi, kwa upande wa Rose, naona ni malipo yaliyochelewa. Ruth bado anadai.