Windows 10 au 11: kabla ya kubishana, soma namba ya prosesa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Kesho yake kompyuta ziliwaka kama kawaida, Word ikafunguka, printa ikachapa. Ndiyo maana wengi wanauliza: ikiwa mashine inapiga kazi, nihame niende wapi? Wa upande wa pili wanajibu kwamba Windows 11 ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, basi kung'ang'ania ya zamani ni ubishi tu.

Wanaobaki wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Kivinjari cha Edge, programu za Microsoft 365 (Word, Excel na wenzake) na orodha ya virusi ya Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, zinaendelea kusasishwa ndani ya Windows 10 hadi Oktoba 2028. Kinachobaki wazi ni mfumo wenyewe: kiini chake, sehemu za mtandao, za uchapishaji, za kushirikishana mafaili. Na hapa kuna jambo ambalo husahaulika. Windows 10 na 11 zina sehemu kubwa ya msimbo wa pamoja, kwa hiyo kila kiraka (sasisho la kuziba tundu la usalama) cha Windows 11 kinamwonyesha mdukuzi mahali pa kuchungulia kwenye 10. WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipita kwenye tundu la kushirikishana mafaili ambalo kiraka chake kilikuwa kimetoka Machi. Waliokwama ni wale ambao hawakukiweka, au mifumo yao ilikuwa imeshaachwa.

Kuna njia ya katikati, ESU, yaani masasisho ya nyongeza. Kwa mtumiaji wa nyumbani ni dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bure ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Ilipangwa kufika 13 Oktoba 2026, na mashine lazima iwe na 22H2, toleo la mwisho la Windows 10. Kampuni hulipa dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka: 122, kisha 244. Jumla ya miaka 3 ni dola 427. Kwa fedha hiyo unanunua laptopu ya mtumba yenye prosesa inayokubalika na chenji inabaki, kwa hiyo ofisini ESU iwe ya kununulia muda wa mwaka mmoja, basi.

Sasa mashine yenyewe. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, ukiacha chache za kizazi cha 7, au AMD Ryzen za mfululizo wa 2000 kuendelea, ingawa si zote za 2000. Tazama namba baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Laptopu za mtumba zilizojaa Kariakoo na Luthuli Avenue zimekaa hapohapo mpakani. HP EliteBook 840 G3 na G4 hazimo, na Lenovo ThinkPad T470 haimo. G5 na T480 kwa kawaida zimo, lakini ziliuzwa pia zikiwa na i5-7300U, ambayo haikubaliki. Kwa hiyo usinunue kwa jina lililo kwenye kifuniko. Bonyeza vitufe vya Windows na R kwa pamoja, andika msinfo32, usome mstari wa Processor.

Ukiambiwa huna TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaitaka, usikate tamaa. Mara nyingi ipo, imezimwa tu: kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) ya Intel itafute kwa jina la PTT, kwenye AMD ni fTPM. Tatizo gumu zaidi ni mashine iliyopigwa Windows kwa Legacy, mtindo wa kale wa kuwasha, na diski ikagawanywa kwa mpango wa kale wa MBR, wakati Windows 11 inataka mtindo mpya wa UEFI na diski ya GPT. Hapa mpangilio wa hatua ndio kila kitu. Kwanza hamisha mafaili muhimu kwenye diski ya nje. Pili, kama BitLocker (kufuli la siri la diski) imewashwa, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 pembeni kisha uisimamishe kwa muda. Ukigusa Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) kabla ya hapo, mashine itauliza ufunguo huo na bila huo huingii. Tatu, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS, na ikipita, mbr2gpt /convert /allowFullOS. Baada ya hapo tu ndipo uingie BIOS na kuwasha UEFI na Secure Boot. Ukianza na BIOS utakutana na skrini nyeusi inayosema hakuna diski ya kuwashia. Ubadilishaji hukataa pia pale fundi alipoigawa diski vipande zaidi ya 3, zile C, D na E zetu pamoja na kipande cha mfumo kisichoonekana.

RAM ya 4GB inaruhusiwa kwenye karatasi, ila kwa kazi halisi weka 8GB na SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Kwenye diski ya kuzunguka (HDD), baki ulipo. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo mwenye Windows 10 ya biti 32 hawezi kupandisha juu kwa juu. Ataanza upya, na printa ya zamani isiyo na draiva ya biti 64 ataiaga.

Kulazimisha Windows 11 kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kusimika inayoruka masharti haya, kunawezekana, lakini matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, na tangu toleo la 24H2 la Windows 11 prosesa za kale kama Core 2 Duo haziwaki kabisa. Kwa laptopu ya mazoezi, sawa. Kwa inayoshika hesabu za duka, hapana. Hiyo ijaribishie Linux Mint, mfumo mwingine wa bure, kutoka kwenye flashi kwanza, bila kuisimika. (Aliyezima Defender ili kraki, programu ya wizi iliyovunjwa kufuli, ipite, mjadala huu wa masasisho haumhusu sana.)

Faili la kusimika linazidi GB 5. Wenye kompyuta kadhaa wapakue faili hilo (ISO) mara moja, waifungue ndani ya Windows na kuendesha setup, ili mafaili na programu vibaki. Una siku 10 za kurudi Windows 10, mradi hujafuta folda ya Windows.old, inayotunza mfumo wa awali. Ndani ya siku hizo unaweza kuongeza hadi 60 kwa kuandika kwenye Command Prompt ya msimamizi: DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Anza na mashine isiyoshika printa ya risiti, iachie wiki nzima, ndipo uguse nyingine. Na isiwe karibu na tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT.