Tunachoma viota vya maji ya moto halafu tunalalamika minazi haizai

Kila msimu wa karafuu ukianza huku Pemba ugomvi ni ule ule. Wachumaji wanafika chini ya mkarafuu, wanaangalia juu, wanaona majani yameshonwa vifuko vifuko, wanasema hatupandi mpaka hawa maji ya moto, chungu wakali wanaoshona majani kuwa viota, watoke. Mwenye shamba ana haraka zake, karafuu ikishachanua ishaharibika, basi kuti kavu linafungwa kwenye ufito mrefu, linawashwa, kiota kinaungua. Mwaka huu jirani yangu kafanya hivyo hivyo na tawi zima likababuka, ila sikuja hapa kumsema yeye.

Wachumaji wana haki yao, na wanaowabeza wengi wao wanazungumza wakiwa chini kivulini. Maji ya moto akikung'ata haachii, anauma kisha anamwaga asidi pale pale penye kidonda, jina lake hakupewa bure. Sasa yakukute hayo uko juu, mkono mmoja kwenye kishada mwengine kwenye tawi, na tawi la mkarafuu sote tunalijua lilivyo jepesi kuvunjika, ukiachia ujipanguse ndo safari. Na malipo ni kwa pishi, dakika unayojikuna hakuna anayekulipa. Kisha kuna shutuma ya pili, kwamba chungu huyu anafuga wadudu wanaoula mti. Ni kweli. Juu ya mikarafuu anamfuga kidugamba mmoja ambaye hata jina lake la kisayansi limetoka kwetu, Saissetia zanzibarensis, anafyonza maji ya mti anatoa utamu, chungu anaunywa na anamlinda kama mtu na ng'ombe wake.

Ila yakhe, mfugaji hawaachii ng'ombe wajae mpaka wale shamba lote. Mtaalamu wa wadudu Michael Way, Mwingereza aliyefanya kazi Zanzibar, aliuchunguza ushirika huu akaandika mwaka 1954, na alichokikuta ni kwamba chungu wanabakisha vidugamba wa kuwatosha, si zaidi. Kwa hiyo hasara ipo, lakini ina mpaka.

Na mwaka mmoja kabla, 1953, huyo huyo Way alishaandika habari ya minazi, ambayo kwangu mie ndo kubwa. Kuna mdudu wa rangi ya hudhurungi, mwembamba, hazidi sentimita moja na nusu hivi, anachoma mdomo wake kwenye maua ya mnazi na kwenye vidaka, yaani nazi changa kabisa, anatia mate yenye sumu halafu anafyonza. Pale alipochoma panakufa, panageuka weusi, kidaka kinatoa gundi na kinaanguka. Kikinusurika kinakuwa nazi yenye makovu. Mwaka 1955 mdudu huyu alipewa jina Pseudotheraptus wayi, hilo la mwisho ni la Way mwenyewe. Hachagui sana, utamkuta kwenye mkorosho, mwembe, mpera. Na wala hahitaji kuwa wengi, wachache tu juu ya mnazi mmoja wanatosha kuangusha mazao. Adui yake mkubwa ni nani? Maji ya moto! Mnazi wenye chungu hawa wengi, mdudu yule hapati pa kutua.

Hapa ndipo hesabu yetu inapopotea. Mnazi kwa tabia yake unaangusha vidaka vingi, zaidi ya nusu vinaweza kuanguka bila ya mdudu yeyote, basi ukiviona chini unasema kawaida. Halafu kidaka mpaka kiwe kitale, dafu, koroma, nazi, ni kama mwaka mzima. Yaani umechoma kiota leo, mkwezi anapanda mwakani anarudi na nazi tatu, nani atakumbuka ule moto? Utasikia minazi imezeeka, utasikia chonga, yule mdudu anayetoboa minazi, utasikia imekatwa kwa viwanja vya nyumba, na yote hayo yapo sikatai, lakini anayeumwa na chungu anaumwa leo na mwenye nazi anakosa mwakani, basi siku zote mwenye kelele za leo ndo anayesikilizwa.

Tena ukimwondoa maji ya moto nafasi haibaki tupu. Wapo chungu wadogo wa ardhini, baadhi yao vichwa vikubwa havilingani na mwili, wanakaa kwenye mashina ya minazi na vita vyao na maji ya moto ni vya siku zote. Wakishika shina wanamfukuza, na wao mdudu wa vidaka hawamsumbui. Wanapenda shamba lililopaliliwa jeupe, ndo kichekesho chenyewe, shamba safi tunalosifiana linampa nguvu asiyetusaidia, na majani majani kidogo chini yanamfaa maji ya moto. Na majani mapana ya mikarafuu, miembe na michungwa ndo rahisi kwake kushona, anatumia watoto wake wenye nyuzi kama sindano, makuti yanamtaabisha. Kwa hiyo mkarafuu unaochomwa mara nyingi ndo nyumba ya mlinzi wa mnazi wa pembeni.

Uchina waliwauza chungu wa jamaa hii sokoni, viota vyao, wakatundika kwenye michungwa, zaidi ya miaka 1,000 sasa. Mie sisemi mchumaji avumilie. Kata kile kiota kilichopo njia yake tu, asubuhi mapema kabla hawajachangamka, kitie kwenye mti wa pili wa shamba lile lile ambao chungu wake ni ukoo huo huo maana wageni watauana, vya juu kabisa kusikofikiwa waache. Inachukua muda kuliko kuwasha kuti, hilo kweli, na mwenye shamba ndo alipe huo muda, si mchumaji.

Mnazi wangu wa mpakani, ule uliopakana na mkarafuu uliochomwa, siku hizi naokota vidaka chini yake kila nikitoka msikitini alfajiri. Navigeuza nafungua kikofia. Jana vilikuwa kumi na moja, saba vina vidonda vyeusi.