Wimbo katika kila sehemu: amri iliyoibeba na kuibana Phineas and Ferb

Phineas and Ferb, iliyoanza kuonyeshwa Disney Channel mwaka 2007, mwanzoni haikupangwa iwe na wimbo katika kila sehemu. Ilikuwa katuni ya vichekesho tu. Ndugu wawili wa kambo wako likizo ya kiangazi na kila siku wanajenga kioja uani. Dada yao Candace anahangaika kuwachongea kwa mama, na mnyama wao wa nyumbani, platipasi aitwaye Perry, kumbe ni jasusi anayepambana na Dkt. Doofenshmirtz. Kisha ikaja sehemu ya "Flop Starz", ambamo wavulana wanaamua kuwa wanamuziki wa kibao kimoja, watambe nacho kisha wapotee. Wakatoa "Gitchee Gitchee Goo", wimbo ambao kiitikio chake hakina maana yoyote, na utani wenyewe ndio huo. Wakubwa wa Disney wakaupenda, wakawaambia waanzilishi wa katuni, Dan Povenmire na Jeff "Swampy" Marsh, kwamba sasa kila sehemu iwe na wimbo.

Yaani kejeli kuhusu biashara ya vibao ikazaa oda ya vibao. Kituo cha televisheni kingeweza kujicheka, lakini hesabu ni hesabu.

Anayeipinga amri hiyo ana hoja nzito. Sehemu nyingi zina dakika 11 hivi, na ndani yake lazima hadithi tatu zitoshee: ya wavulana, ya Candace, ya Perry na adui yake. Ukikata dakika moja ya wimbo, kuna kichekesho kinachokosa nafasi. Tena nyimbo nyingine hazifanyi kazi yoyote zaidi ya kutueleza tunachokiona. "Backyard Beach" ni mfano: wavulana wamegeuza uani kuwa ufukwe, na wimbo wa mahadhi ya rege unatuambia kwamba uani kuna ufukwe. Unanasa masikioni, sikatai, ila ukiuondoa hadithi haipungukiwi kitu. Na rege yenyewe imevaliwa kama shati la watalii. Tabia hiyo ya kuazima mtindo mmoja leo na mwingine kesho, roki, rap, nyimbo za jukwaani, wakati mwingine huishia kwenye ganda la mtindo tu.

Hata utengenezaji ulikuwa wa haraka. Kwa maelezo ya waanzilishi wenyewe, walikuwa wakitunga Ijumaa jioni, wanaimba kwenye simu ya Danny Jacob, mtunzi wa muziki wa katuni hiyo, na Jumatatu wimbo uko tayari na vyombo vyote. Kwa mwendo huo huwezi kutegemea kila mzigo uwe dhahabu.

Lakini nenda kwenye "Dude, We're Getting the Band Back Together". Wazazi wanaadhimisha ndoa yao, na wavulana wanataka kuirudisha pamoja bendi ya zamani iliyopiga usiku wazazi hao walipobusiana mara ya kwanza. Mpiga dramu, ambaye amepewa jina la Swampy, sasa yuko maktaba na amekata tamaa: anadai hana tena mdundo. Anaimba "Ain't Got Rhythm" huku akigonga mihuri na vitabu kwa mdundo usiokosea hata mara moja. Mdomo unakana, mikono inakiri. Hebu jaribu kuandika kichekesho hicho kwa mazungumzo, hakiandikiki. Wimbo huo uliteuliwa kuwania Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 2008, ukashindwa na wimbo wa utani wa watu wazima kutoka kipindi cha mchekeshaji Jimmy Kimmel, jambo ambalo nalo lina ucheshi wake.

"Busted" nao unafanya kazi nyingine kabisa. Candace anataka kuwafichua kaka zake. Vanessa, binti wa Doofenshmirtz, anataka kumfichua baba yake. Kila mmoja yuko katika hadithi yake, upande wake wa mji, lakini wanapokezana beti na kukutana kwenye kiitikio. Watoto wanaelewa papo hapo kwamba hawa wawili wana kilio kimoja, na hakuna aliyelazimika kueleza.

Kwangu mimi mizani iko hapo. Wimbo unaobeba sehemu ya hadithi unalipa dakika yake. Unaosimulia picha unaikopa tu. Zile nyimbo fupi zinazojirudia, kama kijiwimbo cha utambulisho cha kampuni ya Doofenshmirtz kinachobadilishwa maneno kila anapohamia mahali pengine, zinalipa zaidi ya zote, maana hutumia sekunde chache na mtoto anasubiri kuona safari hii watasema nini.

Katuni ilisimama mwaka 2015, ikarudi Juni 2025. Ningekuwa na sauti Disney, ningewaruhusu waandishi waruke wimbo pale hadithi isipouhitaji. Tatizo ni kwamba ruhusa hiyo ingeiua "Squirrels in My Pants". Candace anaingiliwa na kindi kwenye suruali, anarukaruka kwa kiwewe, na wanamuziki wawili wa rap wanadhani ni mtindo mpya wa kucheza, wanaanza kumpigia muziki. Hakuna hadithi duniani inayouhitaji wimbo huo.