Namba 4,294,967,297 inastahili kufundishwa

Namba 4,294,967,297 naipenda kwa sababu ilificha siri yake kwa miaka zaidi ya 90, ilhali siri yenyewe inaweza kufichuliwa na mwanafunzi wa sekondari mwenye kalamu na karatasi.

Ukiipima kwa kanuni za shule ya msingi, haitoi dalili yoyote: ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Ukiendelea kuijaribu kwa subira hadi 600, bado hutapata namba tasa inayoigawa bila baki. Asili yake ni 2 yenye kipeo cha 32, ikaongezwa 1. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, aliyekuwa mwanasheria huko Ufaransa, alikuwa na imani kwamba namba zote za ukoo huu, yaani 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha kipeo mara mbili, kisha ikaongezwa 1, ni tasa, kwa kuwa tano za mwanzo, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Hii ni ya sita, na mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba ni zao la 641 na 6,700,417.

Naona ni hasara kwamba tunawafundisha watoto namba tasa kama orodha ya kukariri bila kuwaonyesha tukio hili, kwani hapa ndipo mtu anapoelewa kwa nini hisabati hairidhiki na mifano mitano, hata ikitolewa na bingwa.

Wala 641 haipatikani kwa kubahatisha. Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote kilicho tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kiache baki ya 1. Sharti hilo linafuta karibu namba zote: zinabaki 193, 257, 449, 577, kisha 641, ambayo ni ya tano tu katika kujaribu.

Kuna njia nyingine, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. 641 ni 5 mara 128, kuongeza 1. Vilevile ni 625 kuongeza 16. Kwa hiyo 5 mara 128 imepungukiwa 1 tu kuifikia 641, na ukiipandisha hadi kipeo cha nne unapata 625 mara 2 yenye kipeo cha 28, ambayo ikigawanywa kwa 641 huacha baki ya 1. Lakini 625 yenyewe imepungukiwa 16 kuifikia 641. Weka upungufu huo wa 16 mahali pa 625, ukikumbuka kwamba 16 mara 2 yenye kipeo cha 28 ni 2 yenye kipeo cha 32, na utaona kwamba 2 yenye kipeo cha 32 imepungukiwa 1 ili igawanyike kwa 641. Ongeza hiyo 1, na baki inatoweka.

Jirani yake 4,294,967,295, iliyo nyuma yake kwa 2 tu, ni zao la zile namba tano za Fermat zote kwa pamoja. Namba nyingine ya ukoo huo iliyo tasa haijapatikana hadi leo.