Siku ya tatu mpe jembe

Mama mkwe wangu alishuka kwenye bajaji mbele ya nyumba yetu, hapa Mtwara mjini, mwishoni mwa mwaka 2020. Alikuwa na begi moja, sufuria mbili na jembe lisilo na mpini. Mpini kauacha ng'ambo ya mto Ruvuma, kwao Msumbiji, alisema, dereva kaukataa. Siku ya tatu asubuhi nikamkuta uani akikipima kwa macho kile kijieneo chenye mpapai na rundo la matofali. Nikamwendea, nikamtoa jembe mkononi kwa tabasamu. "Mama, wewe pumzika. Umehangaika vya kutosha." Nikalipandisha juu ya kabati la jikoni, na siku ile nilijiona mkwe mwema kuliko wote mtaani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii tumezoea kumtupia mgeni mzito wa kuaga, tena kwa kicheko. Mimi siku hizi naisikia vingine. Aliyepewa jembe ameacha kuwa mgeni: ana mkono wake katika chakula cha jioni, na akionja mchuzi anaweza kusema chumvi imezidi. Asiyepewa anakula anachoandaliwa na kushukuru. Mama alinishukuru kwa kila sahani kwa karibu miaka miwili, nami nikadhani ndiyo raha.

Huku kusini habari za watu wa ng'ambo ya Ruvuma si ngeni. Nyumba ngapi hapa Mtwara, Newala, Lindi hazina bibi au shangazi aliyezaliwa upande ule? Mama alizaliwa kwenye uwanda wa Mueda. Wareno walipowapiga risasi watu pale Mueda, tarehe 16 Juni 1960, alikuwa mtoto wa miaka kama mitano. Vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964, wazazi wake wakavuka naye mto, wakaishia Rutamba, Lindi, kwenye makazi ya wakimbizi. Pale ndipo alipokua, akavunja ungo, akaolewa. Msumbiji ikapata uhuru Juni 1975, wakarudi kwao na furaha zote. Kisha yakaja mashambulizi ya wanamgambo yaliyoanzia mji wa Mocímboa da Praia Oktoba 2017, yakazidi kusogea, hadi kijana wetu mmoja akamfuata na kumvusha. Mto uleule: mara ya kwanza kashikwa mkono na baba yake, mara ya pili kashikwa na mpwa wake.

Kwa hiyo Kiswahili anacho, ila ni Kiswahili cha Rutamba cha miaka ya 60, kisichojua bando wala chaja wala kurusha hela. Kitenge anakiita kapulana, na fedha anazihesabu kwa Kireno, um, dois, três, midomo ikitikisika. Wanangu walikuwa wakimcheka. Si kwa ubaya, watoto hawana dogo. Lakini mtu mzima akichekwa mara tatu, mara ya nne hafungui mdomo.

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi anatoka na kigoda, anakaa barazani, anakaa, hadi adhana ya isha. Baba watoto akasema mama anawaza nyumbani, muda utamponya. Tukamnunulia king'amuzi! Naomba radhi kwa hilo, ndiyo akili zetu za mjini: mtu akinyamaza, mwashie kitu kinachosema.

Siku moja akalalamika kichwa. Mimi nilikuwa kazini, nikamwagiza mwanangu wa miaka 12 ampeleke bibi yake hospitali na kumsaidia kutafsiri, maana Kimakonde anakisikia vizuri. Wakarudi na dawa za maumivu. Wiki iliyofuata kichwa tena, dawa tena. Mara ya tatu nikaenda mwenyewe. Mganga akawa ananiuliza mimi: anakula? analala? anapata choo? Mama yupo katikati yetu, mikono mapajani, kama mzigo unaopimwa bei. Nikamwomba mganga atuache kidogo. Nikamwinamia, nikamuuliza polepole. Akatazama mlangoni kwanza kuhakikisha mjukuu hayupo, ndipo akaninong'oneza kwamba mkojo unamchoma tangu kabla ya Ramadhani, na usiku haumsubiri afike chooni. Kichwa hakikuwa kikimuuma kabisa. Ulitaka amwambie nani habari za mkojo? Mjukuu wa kiume?

Ninyi wenye wazee wa namna hii, msimfanye mtoto kuwa mdomo wa bibi yake mbele ya daktari. Tafuteni mtu mzima wa jinsia yake anayejua lugha yake, hata jirani. Na mganga naye aulize swali akimtazama mgonjwa, jibu litapita kwa mwingine lakini macho yabaki kwake. Haligharimu chochote hilo.

Habari ya karatasi niipitie haraka, maana kila mwenye mzee kutoka ng'ambo anaijua. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na hospitali zetu zina dirisha la wazee, lakini ukifika dirishani swali la kwanza ni kitambulisho. NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, hutoa vitambulisho kwa raia, kwa wageni wakaazi na kwa wakimbizi, hivyo njia ipo. Tatizo ni familia kuahirisha. "Tutafuatilia baada ya korosho." Baada ya korosho ipi? Wamakonde wa Kenya walifika pwani ya Kwale tangu miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na wajukuu zao wakatambuliwa kuwa raia mwaka 2016. Karatasi isiyofuatiliwa hairekebishwi na umri. Sisi tulipoanza kuhangaika, mashine ya alama za vidole ilimkataa Mama mara nne. Miaka ya jembe na mafuta ya ganda la korosho imeifuta michoro ya vidole. Binti wa dirishani akamwambia avipanguse vidole kwenye kanga. Akavipangusa. Mara ya tano kidole cha shahada cha kushoto kikakubali, Mama akakitazama kama mtoto aliyefaulu darasa la saba.

Na tuzungumze pesa, hata kama mashemeji zangu watasoma. Walioko Dar wanatuma hela ya mama kila mwezi. Inaingia kwenye simu ya baba watoto, na ikishaingia humo ina majina mengi: luku, ada, mchango wa harusi. Hakuna mwizi kati yetu. Lakini Mama hakuwahi kuishika. Mtu aliyeuza karanga zake mwenyewe sokoni miaka 40 alikuwa akiniomba mimi shilingi 500 ya ugoro, tena kwa kuzunguka maneno.

Kilichogeuza mambo hatukukipanga. Msimu wa korosho wa mwaka 2022 jirani yetu, mama mmoja wa Newala, aliletewa nusu gunia la korosho ghafi na kaka yake. Akawasha moto uani kwake, akateleka kipande cha pipa lenye matundu, akamwaga korosho. Mtu wa kusini hahitaji kuelezwa moshi ule: unaingia puani, unakaa kooni, na nguo lazima zifuliwe mara mbili. Mama akainua kichwa. Akanyanyuka kwenye kigoda bila kumuaga mtu, akavuka uchochoro. Nilipomfuata nikakuta anamgombeza jirani. Korosho zimeshashika moto, mafuta yanarukaruka, na yeye mwenye pipa bado anakoroga. "Mwaga! Mwaga sasa, unaziunguza!" Wakamwaga, wakazifunika mchanga, moto ukazima. Kisha akajipaka majivu mikono yote hadi viwiko ili yale mafuta yasimbabue, akaketi, akachagua jiwe. Ko, ko. Pigo moja ukingoni mwa ganda, punje inatoka nzima. Ya jirani ilitoka vipande. Nikajaribu na mimi, ya kwangu ilitoka unga.

Siku ile alirudi nyumbani magharibi, mweusi kwa masizi, akala sahani mbili na kuniambia kisamvu changu hakina nazi. Nilikwenda kulilia jikoni.

Tangu hapo wanabangua pamoja. Wanabishana kutwa, kwa kuwa Kimakonde cha Newala na cha Mueda havilingani neno kwa neno, na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye anayepotosha lugha. Wanafunga kwenye vifuko, binti wa jirani anauza stendi, jioni wanagawana. Sehemu yake Mama anaitia kibindoni, um, dois, três, na hakuna anayemuuliza ataifanyia nini. Ana presha pia, bado ipo na dawa anakunywa. Sisemi korosho zinatibu presha.

Najua nitajibiwa kwamba wazee wetu tayari wanafanyishwa kazi mno. Kweli, na hapo nina neno. Bibi anayeletwa kutoka ng'ambo au kutoka kijijini, akakabidhiwa wajukuu wanne kuanzia alfajiri kwa sababu yaya anadai mshahara, hajapewa jembe. Kapewa mzigo, na mavuno ni ya wengine. Jembe ninalolisema mimi mavuno yake yanaingia kibindoni mwa mwenye kulima, na siku akichoka analiegesha bila kumwomba mtu ruhusa. Ukitaka kujua la kwako ni lipi, tazama anayeamua leo si siku ya kazi.

Juma lililopita mvua za kwanza zilinyesha usiku. Asubuhi Mama akaingia jikoni, akanyoosha kidole juu ya kabati. Nilikuwa nimelisahau kabisa, limejaa vumbi na utando wa buibui. Nikalishusha. Akanipa hela kutoka kibindoni, akanituma sokoni nikamletee mpini, nami nikachagua ule uliosuguliwa vizuri, unaong'aa. Akausimamisha chini, ukampita kifua. Akatikisa kichwa. Huu wa mwanamume mrefu, akasema, nenda wakubadilishie, na uwahi kabla ardhi haijakauka.

Nikarudi sokoni na jua la saa saba.