Amarone kwa ugali

Mwaka wa tisa huu naishi Valpolicella, bonde lililo kaskazini mwa mji wa Verona, Italia, nikifanya kazi jikoni katika mgahawa. Nilikotoka ni Hombolo, Dodoma, na baba yangu ni mkulima wa zabibu mpaka leo. Mtu akiniambia Watanzania hatujui mvinyo, naumia. Zabibu tunazo, tena Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wenzangu wa jikoni hawakuliamini mpaka nilipowaonyesha picha za shamba. Tulichokosa ni meza.

Nyumbani mvinyo ni wa harusi, kipaimara na Krismasi. Unanunuliwa mtamu, unalazwa kwenye friji mpaka chupa itoe jasho, unanywewa kabla ya chakula au baada yake, na ukipanda kichwani upesi ndiyo unasifiwa. Hapa kuna mzee anakuja kwetu kila Alhamisi, anaagiza glasi moja, haigusi mpaka sahani ifike. Kwake mvinyo unakaa na nyama kama mchuzi unavyokaa na ugali. Miaka yote hii nimemtazama, na nakubaliana naye kabisa.

Anachokunywa siku akiwa na hela ni Amarone, mvinyo mwekundu wa bonde hili. Zabibu zake, hasa Corvina, Corvinone na Rondinella, huchumwa Septemba na Oktoba lakini hazikamuliwi. Hupangwa kwenye makreti au chanja za mianzi, ndani ya ghala linalopitisha hewa, zikae miezi mitatu au minne mpaka zipungue uzito kwa theluthi au zaidi. Maji yanaondoka, sukari inabaki. Ndipo zinakamuliwa katikati ya majira ya baridi na juisi inaachwa ichachuke taratibu mpaka sukari karibu yote iwe kilevi, mara nyingi asilimia 15 au 16. Sheria inadai mvinyo ukae miaka miwili kabla ya kuuzwa. Ule wa Riserva, yaani unaokomazwa zaidi, minne. Zamani bonde hili lilisifika kwa Recioto, mvinyo mtamu wa zabibu hizohizo zilizokaushwa. Husimuliwa kwamba mwaka 1936, huko Negrar, humuhumu bondeni, pipa moja la Recioto lilisahauliwa, likaendelea kuchachuka hadi utamu wote ukaisha, ndipo ikapatikana Amarone. Jina Amarone limetoka kwenye neno lao la uchungu.

Siku niliyoingia ghalani mara ya kwanza nilisimama nikashindwa kusema. Zile chanja! Bibi yangu alikuwa akianika mlenda na majani ya kunde ili tupate mboga kiangazi, na akili ni ileile: ondoa maji, ladha ibaki. Tofauti ni kwamba hapa wanatumia kivuli na baridi. Jua letu la Dodoma lingezikausha kabisa zabibu kabla hazijapata harufu, kwa hiyo sisi tungehitaji kibanda chenye upepo, mbali na jua.

Ukiipata chupa, ifungue saa moja au mbili kabla ya kula. Usiinywe ikiwa baridi ya friji. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Mimina kidogo kwenye glasi pana, zungusha, nusa kwanza. Utapata cheri zilizoiva sana, tini kavu, kakao, karafuu kwa mbali, wakati mwingine tumbaku. Mdomoni ni mzito, halafu unakuja ukakasi unaoshika ufizi kama ule wa bibo. Ukakasi huo ndio unaodai chakula, maana mafuta na nyama huulainisha, na mvinyo nao husafisha ulimi kwa tonge linalofuata.

Watu wa Verona huunywa kwa nyama ya ng'ombe iliyopikwa saa nyingi ndani ya Amarone yenyewe, au kwa pastissada, mchuzi wao wa nyama ya farasi, au kwa jibini la Monte Veronese lililokomaa. Pembeni kuna polenta, na polenta ni ugali. Wa njano, una chumvi, unasongwa zaidi ya nusu saa na kumiminwa juu ya ubao, lakini ni ugali wa mahindi.

Pasaka iliyopita niliwapikia wenzangu mbuzi wa kuchemsha kwa moto mdogo, vitunguu vingi, mdalasini kidogo, na ugali. Amarone ilikaa pale kana kwamba ilizaliwa Ugogo. Nilipoweka pilipili, ikaharibika: kilevi kingi huongeza ukali wa pilipili mpaka husikii kitu kingine. Kachumbari yenye ndimu nayo ilipigana na mvinyo. Samaki hata usijaribu, hasa sato, utaonja chuma.

Nilipokwenda likizo nilibeba chupa moja. Baba hakuinywa mpaka mama alipopakua mbavu za mbuzi na ugali wa uwele. Alitafuna, akanywa, akakaa kimya. Kisha akauliza, "Humu zimeingia zabibu kilo ngapi?" Nikamwambia karibu mbili. Msimu ule mnunuzi aliyemwahidi alichelewa kuja na sehemu kubwa ya zabibu ikaozea kwenye mizabibu, nami nilijua anapiga hesabu gani. Kilo zile zingeweza kulala kwenye chanja badala ya kuoza, na sioni kwa nini wakulima wa Dodoma wasijaribu, hata kwa kidogo.

Wiki jana amenipigia simu. Amejenga kibanda cha makuti upande wa upepo, na mavuno ya Machi atalaza kreti tano.